Mtoto Ametulia: Je, Ni Vema?

Simu zenye kioo, telefone kama wengi wetu tusemavyo, zimeingia hata vijijini. Na mara nyingi anayeishika jioni si baba wala mama, bali ni mtoto wa miaka 2 au 3, aketiye kimya pembeni akitazama picha ziendazo mbio. Wazazi hawapatani juu ya jambo hili. Basi tuulize: mzazi ampaye mtoto mdogo simu ili atulie, afanya vema au vibaya?

Tuwasikilize kwanza wanaoona ni vema. Mama asema: “Nina sufuria motoni, nina kuni za kupasua, na mtoto huyu atambaa kuelekea mafiga. Akiwa na simu haungui.” Maneno hayo yana uzito, wala asiyepata kupika huku ana mtoto mgongoni asiyadharau. Tukumbuke pia kwamba utulivu huo tangu zamani ulikuwa na gharama: dada wa miaka 8 alibaki nyumbani kumbeba mdogo wake, wenzake wakaenda shuleni. Katika nyumba nyingi ni hivyo hata leo. Sioni kwa nini tuyasifu ya kale kana kwamba hayakumdhulumu mtu.

Baba naye asema: “Dunia ya kesho ni ya mashini, mtoto azizoee mapema.” Hoja hii ni nyepesi. Kijana wa miaka 12 hujifunza simu kwa siku chache. Hakuna haja ya kuanza kabla meno hayajaota yote.

Lakini liko jambo ambalo utulivu hauwezi kulionyesha. Mwaka 2003 mtaalamu Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle katika Marekani, walitangaza jaribio lao. Watoto wa miezi 9, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, walichezewa na kusomewa kwa Kichina mara 12. Waliokaa na mtu mwenyewe walijifunza kuzitambua sauti za lugha ile. Wengine waliyaona na kuyasikia mambo hayo katika video tu: hao hawakujifunza sauti zile. Kwa maana video haimtazami mtoto. Haingoji ajibu, wala haicheki kwa sababu yeye amecheka. Tena Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Utauliza: je, basi simu ni mbaya yote? Hapana. Baba aliyekwenda kutafuta kazi Kolwezi akipiga simu, mtoto akauona uso wake, akamwita, naye akaitika, hapo yupo mtu upande wa pili. Waganga wa watoto wa Marekani, walipowakataza wazazi mwaka 2016 kuwapa kioo watoto walio chini ya miezi 18, hawakuyakataza mazungumzo ya namna hii.

Wengine husema: “Lakini mtoto mwenyewe aitaka, hulia akinyimwa.” Kisu pia hukililia. Na wenye kampuni za picha hizo hulipwa na watangazaji wa biashara kadiri watu wanavyotazama. Kwa hiyo picha moja ikiisha, nyingine huanza bila kuitwa.

Nionavyo mimi, mama ampaye mtoto simu kwa muda wa kuepua sufuria hamkosei. Amkosea yule amtulizaye hivyo jioni nzima ili naye apate kukitazama kioo chake, kwani mtoto ana haki ya kujibiwa, na haki hiyo hawezi kuidai kwa kinywa chake.

Mtoto wa miaka 3 aweza kuketi karibu na mamaye na kuambua maharage. Atamwaga mengi, kazi itachelewa, na maswali yatakuwa mengi kuliko maharage. Ama baba, yeye saa ile mara nyingi ameketi tu chini ya mwembe.