Mtu Wetu Akiwa Waziri

Tarehe 11 Julai 2024, siku Rais William Ruto alipowafuta kazi karibu mawaziri wote, nilikuwa nimetoka Kitengela kwenda kusalimia watu nyumbani Loitokitok. Tulikuwa kwenye hoteli ndogo karibu na steji, tunakunywa chai, kila mtu macho kwa simu. Sisi vijana tulikuwa na furaha, lakini furaha yenye uchungu. Wiki mbili hivi kabla ya hapo wenzetu walikuwa wameingia Bungeni, wengine wakauawa barabarani, na tulichokuwa tukisema kilikuwa kimoja: hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi.

Mjomba wangu akashusha kikombe, akauliza, "Na sisi sasa tutapewa nani?"

Tulimcheka. Mimi nilimwona mzee aliyepitwa na wakati. Lakini wiki iliyofuata orodha mpya ilipoanza kutoka, unajua nilifanya nini kabla ya kusoma wizara hata moja? Nilipitia majina nikitafuta la Kimaasai. Nikampata Soipan Tuya, ametajwa Wizara ya Ulinzi, nikampigia mjomba haraka. Akanijibu, "Huyo ni wa Narok."

Yaani hata "wetu" ina mipaka yake. Ukimpata Mmaasai, utaulizwa kama ni wa Kajiado. Akiwa wa Kajiado, utaulizwa kama ni wa huku kusini. Akiwa wa kusini, kuna ukoo unasubiri nyuma. Sasa nauliza: tunaposema mtu wetu yuko kwenye Baraza la Mawaziri, ni nini hasa kilicho chetu?

Kajiado ina jibu la kuangalia, kwa sababu sisi tumewahi kupata, tena kikubwa. Kuanzia 2008 George Saitoti, mbunge wa Kajiado Kaskazini, alishika usalama wa ndani, mpaka alipofariki kwenye ajali ya helikopta Juni 2012. Baada ya miezi michache kiti kikaja kwa Katoo ole Metito, mbunge wa Kajiado Kusini, yaani wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 akaingia Joseph ole Lenku. Desemba 2014, baada ya mauaji ya Mandera, Lenku akaondolewa, na siku hiyo hiyo akatajwa Joseph Nkaissery, wa Kajiado vilevile, aliyekaa hapo hadi alipofariki Julai 2017. Kwa zaidi ya miaka tisa, usalama wa nchi nzima ulikuwa mikononi mwa watu wa kaunti moja.

Miaka hiyo yote mama yangu aliendelea kununua maji ya mtungi, na maji yanayotoka Nolturesh, chini ya Kilimanjaro, yakaendelea kushuka kwa bomba kuelekea Athi River na Machakos. Simlaumu waziri wa usalama kwa hilo. Kazi yake haikuwa maji, na haikuwa Loitokitok. Aliapishwa kulinda mtu wa Mandera sawa na mtu wa Kimana. Lakini kama ni hivyo, sisi tuliposherehekea na kuchinja mbuzi, tulidhani tumepewa nini?

Nakumbuka kitu kimoja vizuri. Baada ya Westgate, Septemba 2013, Wakenya mtandaoni walimtania Lenku vibaya sana. Kulikuwa na maswali ya haki kabisa: watu walikufa kwa nini, na nani alijua nini? Mimi niliyapuuza. Nilikuwa busy kumtetea, kwa sababu niliona ni sisi tunaochekwa. Watu walikuwa wamekufa, na mimi nilikuwa nalinda jina.

Hiyo ndiyo bei ambayo hatuambiwi. Kiti kikija kwa jina letu, midomo yetu inafungwa kwanza. Hatumwulizi, kwa sababu ni wetu. Akikosea, tunabeba aibu ambayo hatukuifanyia kazi. Akiondolewa, tunanuna, akiletwa mwingine wa kwetu, tunanyamaza, kana kwamba deni limelipwa.

Na huko ndani naye hawezi kuwa sauti yetu. Mawaziri wakishakubaliana, wote wanasema neno moja. Ireland waliliona tatizo hili zamani. Katiba yao ya 1922, nchi ikiwa ndiyo kwanza inajitawala, iliruhusu aina mbili za mawaziri: wachache waliofungwa na kauli moja ya serikali, na wengine wa nje ya kundi hilo, ambao kila mmoja angejibu mwenyewe bungeni. Wizara kama za kilimo, posta na uvuvi ziliwekwa upande huo wa pili. Jaribio halikudumu. Kufikia 1927 walishabadilisha sheria ili wote waweze kuingia katika kundi moja. Serikali inapenda kauli moja. Anayeingia anaenda kuibeba kauli hiyo, hata awe ametoka kwa nani.

Kwa hivyo makabila yasiangaliwe kabisa? Hapana, na hapa mjomba ananishinda. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 130, inataka serikali ya taifa ionyeshe mchanganyiko wa maeneo na makabila ya Kenya. Iliandikwa hivyo kwa sababu tulishaona meza iliyojaa watu wa upande mmoja. Ni rahisi kusema kabila si kitu kama watu wako hawajawahi kukosa kiti. Mjomba alikuwa kijana Stanley Oloitiptip, mbunge wa Kajiado Kusini, alipokuwa waziri wa Kenyatta na baadaye wa Moi. Kwake, kumsikia mtu wa Loitokitok akitajwa redioni kulimaanisha Nairobi wanajua tupo. Siwezi kumwambia hilo ni bure.

Ila kuonekana ni kitu kimoja, na kutumikiwa ni kingine. Kiti kinaweza kutupa cha kwanza. Cha pili tunakidai kwa waziri yeyote, awe Mmaasai, Mluo au Mmijikenda, kwa sababu kodi zetu zinaingia mfuko mmoja.

Siku hizi waziri yeyote akikosea, najiuliza swali moja: kama huyu angekuwa wa upande mwingine, ningesema nini? Halafu najaribu kusema hivyo hivyo. Si rahisi, haswa mkiwa mnashiriki mlima mmoja.

Mara ya mwisho nilipomtembelea mjomba nilimwambia swali hilo. Akanyamaza sana, akaangalia Kilimanjaro, ambayo jioni hiyo ilikuwa imetoka mawinguni. "Sawa," akasema. "Lakini ukipata nafasi ya kumwuliza waziri wa maji, usiulize kabila lake. Mwulize kuhusu bomba."