Mbachao wa Mwalimu

Swali liliingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa nne usiku: "Vijana, kompyuta yangu ya Windows 7 imegoma kuitambua printa. Nifanyeje?" Dakika mbili hazikupita, majibu matatu yakawa yameshuka. La kwanza: "Windows 7 bado ipo?" La pili: kikaragosi kinachocheka hadi machozi. La tatu, lenye heshima kidogo: "Mzee, weka toleo jipya kwanza, ndipo uulize."

Aliyeuliza ni mwalimu mstaafu mwenye steshenari ndogo mjini Morogoro. Kundi letu ni la watu wanaoelewa kompyuta kiasi na wanaojitolea kuwasaidia wasioelewa. Hatulipwi. Nadhani ndiyo maana tulijiona tuna haki ya kuchagua maswali.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hivi nimeuliza jambo baya?"

Hakuwa ameuliza jambo baya. Printa yake kubwa aliinunua ikiwa imetumika, na programu ya kuiendesha haikuwahi kutengenezewa Windows mpya. Kompyuta nayo ina RAM ya GB 2. Kuhamia toleo jipya kwake kulimaanisha kununua mashine mbili, kwa fedha itokayo kwenye kurasa za shilingi mia moja mia moja. "Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao," aliniambia. "Nyie mnataka niuache mbachao, na huo msala wenyewe sijauona."

Kesho yake nilikwenda. Kazi ilichukua dakika arobaini. Mashine ikatema karatasi, Mwalimu akaniagizia chai na chapati, nami nikarudi kwenye kundi na hotuba. Niliandika kwamba anayemwambia mtu "nunua kipya ndipo nikusaidie" hajamsaidia, amemfungia mlango kwa adabu.

Dada mmoja kwenye kundi, ambaye kazi yake ni usalama wa mitandao, hakukubali. Alitukumbusha tarehe 12 Mei 2017, siku kirusi cha WannaCry kilipoanza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. "Mashine isiyozibwa," aliandika, "ni kama dimbwi uani kwako. Dimbwi ni lako, lakini mbu hawaulizi ua ni wa nani."

Nilimjibu kwa kisa hichohicho. Windows XP ilikuwa imeachwa na watengenezaji wake tangu Aprili 2014. Hata hivyo, WannaCry ilipozuka, Microsoft walitoa kiraka cha XP pia. Maana yake, nilisema, hata mwenye mali anajua kwamba tarehe ya mwisho ni uamuzi wa biashara. Watu wakiumia, tarehe hiyo inaweza kusogea. Kama kampuni yenyewe iligeuka nyuma kuwatazama walioachwa, sisi wa kujitolea tunapata wapi ujeuri wa kuwacheka?

Wengi waliniunga mkono. Nikajiona nimeshinda.

Miezi saba baadaye Mwalimu alinipigia asubuhi mapema, na sauti haikuwa yake. Mafaili yote ya dukani yalikuwa yamebadilika majina, na kwenye kioo palikuwa na ujumbe wa Kiingereza unaodai fedha. Kilichomsumbua zaidi hayakuwa mafaili yake. Binti mmoja wa chuo alikuwa amechomeka flashi yake ili aprinti ripoti ya utafiti. Flashi nayo ikafungwa. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya duka, flashi ameifumbata mkononi. Nilijaribu kila nilichokijua. Nilifanikiwa kupata sura mbili za zamani alizowahi kumtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Zilizobaki alizianza upya.

Siwezi kuapa kwamba mfumo mpya ungezuia jambo lile. Flashi isiyo na nakala ya akiba ni hatari kwenye kompyuta yoyote. Lakini binti yule alinifundisha jambo ambalo mabishano yetu yote yalilipita. Mimi na dada wa usalama tulikuwa tunabishana juu ya Mwalimu: asaidiwe au asisaidiwe, ana haki au hana. Hatukumhesabu mtu wa tatu. Mwalimu alijua kwamba mashine yake ni ya zamani, akaukubali mzigo huo. Binti hakujua, wala hakuulizwa. Mimi niliyejua hatari sikuitaja, kwa sababu chai ilikuwa tamu na shukrani zilikuwa nyingi.

Bado siamini kwamba tungemwacha Mwalimu. Kama tungemfukuza na swali lake, asingenunua kompyuta mpya. Angetafuta mtu wa kumpachikia programu ya wizi, na binti angepoteza kazi yake vilevile. Kukataa kusaidia hakukaushi dimbwi. Na tusijidanganye kwamba hili ni tatizo la wazee. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri kabisa hazitimizi masharti ya Windows 11. Huku kwetu, ambako mashine nyingi huja zikiwa zimeshatumika kwingine, tunazinunua zikiwa zimebakiza miaka michache ya kuhudumiwa. Anayecheka leo, kesho ataomba yeye.

Ninachokiamini sasa ni kigumu zaidi ya hotuba yangu ya kwanza. Anayeuliza kuhusu toleo la zamani anastahili jibu la swali lake, na kwa jibu hilohilo anastahili ukweli: nani mwingine anaweza kuumia, na afanye nini ili asiumie. Msaada usio na ukweli huo ni nusu ya msaada, na nusu iliyobaki hulipwa na mtu asiyekuwepo.

Tulirudi dukani kwa Mwalimu, mimi na dada wa usalama. Kompyuta ya zamani tuliifuta, tukaipanga upya na kuikata intaneti, ibaki na kazi moja ya kuendesha printa. Pembeni tukaweka laptopu kuukuu yenye Linux Mint, ambayo ndiyo inayopokea flashi za wateja. Mafaili huhamishwa kwa flashi moja ya dukani. Ni usumbufu, na Mwalimu hulalamika kila siku. Ukutani amebandika karatasi aliyoiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: WEKA NAKALA NYINGINE KABLA HUJANIPA FLASHI.

Juzi kwenye kundi mtu ameuliza kuhusu simu ambayo haipokei tena masasisho. Nilianza kuandika jibu, nikasita, nikamwuliza kwanza: hiyo simu unaitumia peke yako?