Mwenzi Wako Anapotaka Kuacha Dawa
Mafundisho kwa Sikukuu ya Mtakatifu Luka



Tarehe 18 Oktoba Kanisa letu huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Luka Mwinjilisti. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Wakolosai 4:14, anamtaja kuwa ni tabibu, tena mtu aliyempenda. Kwa miaka mingi nilisoma mstari huo nikaupita. Siku hizi nausoma nikasimama. Twajua kutoka Matendo 19 kwamba hata leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Hata hivyo mtu huyo huyo alisafiri pamoja na tabibu. Alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hatusomi popote kwamba Paulo aliona haya kwa hayo, wala kwamba alimwambia Trofimo imani yake ni haba.

Naandika juu ya neno hili kwa sababu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za parishi yetu, nalo halisemwi: mume au mke anayemeza dawa za ugonjwa wa akili, naye siku moja anamwambia mwenzake, "Nataka kuziacha. Nitatumia miti." Je, yule mwenzake Mkristo afanye nini? Sina mafunzo ya uganga. Nilisomea ualimu, nikafundisha mpaka nikastaafu. Ninachokijua nilijifunza nyumbani kwangu, tena kwa kukosea. Nayaandika haya kwa ruhusa ya mume wangu, ambaye ameyasoma yote kabla yenu.

Mwaka 2008 mume wangu alipatwa na ugonjwa. Majuma mengine alikuwa na nguvu na furaha kupita kiasi, hasinzii, anaongea bila kupumzika, anatumia fedha ovyo. Kisha aliangukia huzuni nzito, hata kunawa uso ikawa kazi. Hospitali wakampa vidonge, naye akatulia. Majirani wakasema amepona. Lakini vidonge vile vilikuwa na gharama yake. Mikono ilitetemeka, mate yalimtoka usiku, na asubuhi aliamka mzito kama mtu aliyekesha msibani. Mume wangu ni fundi seremala, na mkono unaotetemeka hauwezi kuongoza randa. Jumapili akaanza kubaki kitini wakati wa Ushirika Mtakatifu, kwa kuwa aliogopa kumwaga kikombe mbele za watu. Kliniki walimwuliza kila mara kama anameza. Hawakumwuliza anajisikiaje akimeza. Nami mkewe sikumwuliza.

Ndipo ukaja mwaka 2011. Wengi wenu mnaukumbuka. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapile, tuliyezoea kumwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalipita Mto wa Mbu na Engaresero, chini ya Oldonyo Lengai, kisha yakakaa kwenye foleni kwa siku kadhaa vumbini. Ilisemwa kwamba kikombe kile huponya kisukari, saratani, UKIMWI, pumu na shinikizo la damu. Mzee yule alifariki mwaka 2021, nami siandiki ili nimhukumu. Lakini twajua kwamba wapo waliokunywa wakaacha dawa zao za hospitali, na ugonjwa ukawarudia.

Mume wangu alikwenda mwezi Machi. Aliporudi alivifunga vidonge vyake katika karatasi, akaviweka juu ya kabati, akaniambia, "Mama, nimechoka kuwa mtu wa vidonge."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mtihani unapotoka. Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri. Mikono ilitulia. Alitengeneza meza, akaimba, akarudi mezani pa Bwana. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti kuu katika Umoja wa Mama. Baadaye daktari alitueleza. Dawa ikiachwa, madhara yake huweza kupungua mapema, bali ugonjwa wenyewe hukawia kurudi, pengine majuma, pengine miezi. Basi katikati hapo mgonjwa hujiona mzima kuliko alivyokuwa kwa muda mrefu, na kila mtu husema miti imefanya kazi. Kipindi hicho ndicho kinachowadanganya watu wengi, na hakiwadanganyi wajinga peke yao.

Mwezi Juni alianza kukesha. Aliuza ng'ombe wawili ili anunue lori zima la mbao. Niliogopa, na katika hofu yangu nilifanya jambo ambalo mpaka leo nalijutia. Nilivishusha vile vidonge, nikavisaga, nikavitia katika uji wake wa ulezi. Siku ya tatu alisikia uchungu mdomoni. Aliweka bakuli chini, akanitazama, hakusema neno. Tangu saa ile hakula tena chakula cha mkono wangu. Usiku uliofuata aliondoka nyumbani. Vijana wa mtaa walimtafuta siku mbili, wakamkuta upande wa Usa River, hana viatu, miguu imechubuka. Tulimpeleka hospitali, naye akalazwa.

Ndugu zangu, nilikuwa nimefikiri kwamba kosa langu ni kumwacha aende Samunge. Kumbe kosa lilianza kabla ya hapo, siku nilipoona mikono ikitetemeka nikanyamaza. Na likaongezeka siku nilipomdanganya, kwa kuwa mgonjwa wa akili anahitaji walau mtu mmoja ambaye neno lake na chakula chake anaweza kuviamini. Mimi nilimwondolea mtu huyo.

Yapo mambo manne ninayotaka kuwaachia.

Kwanza, uliza sababu kabla ya kujibu. Mtu hasemi anataka kuacha dawa bure. Pengine amenenepa, pengine anasinzia kazini, pengine ameshindwa na tendo la ndoa naye anaona haya kusema. Pengine amechoka kusikia wenzake wakitaja Mirembe kwa kicheko, kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ni tusi. Mume wangu alipopata nafuu tuliketi pamoja mbele ya daktari, naye kwa mara ya kwanza akasema habari za randa na za kikombe cha Ushirika. Daktari alipunguza kipimo cha dawa moja, akabadilisha nyingine, akaongeza ya kuzuia kutetemeka. Jambo alilolifuata Samunge lilikuwa likipatikana hapa hapa mjini, kama tungalisema.

Pili, tusigawanye vitu vya Mungu kwa kusema hiki ni cha asili na hiki ni sumu ya hospitali. Lithiumu, ambayo daktari John Cade wa Australia alionyesha mwaka 1949 kwamba hutuliza ugonjwa wa namna ya mume wangu, ni madini yanayotoka ardhini. Nchini India watu walitumia mzizi wa mmea wa Rauvolfia kwa wenye wazimu tangu zamani, na mwaka 1952 wataalamu wakatoa ndani yake dawa iitwayo reserpini. Ilisaidia wengi, lakini madaktari waliona pia wagonjwa waliozama katika huzuni kubwa walipoitumia. Mti una nguvu, na kitu chenye nguvu chaweza kuponya na chaweza kudhuru. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, na katika sura hiyo hiyo anatutaka tumheshimu tabibu, tena tusali. Hakutupa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kwa hiyo mwenzako akitaka miti, usimcheke. Mwambie aionyeshe kliniki. Mume wangu mpaka leo hupenda supu yenye magome ya olkiloriti, na daktari anajua. Iko mimea, mathalani Hypericum inayouzwa madukani kwa ajili ya huzuni, ambayo hupunguza nguvu za dawa nyingine, zikiwamo za UKIMWI na za kupanga uzazi, na yaweza kumwamsha mgonjwa wa namna hii katika kichaa chake. Vilevile anayemeza lithiumu asifunge bila maji wala asiache chumvi ghafla kabla ya kumwuliza daktari, kwa maana dawa huzidi mwilini ikawa sumu. Viongozi wa vikundi vya maombi, tafadhali mlikumbuke hilo wakati wa Kwaresima.

Tatu, dawa hizi zisiachwe ghafla. Wako watu ambao, baada ya muda, daktari huwapunguzia pole pole, na wengine huziacha kabisa. Si dhambi kutamani hivyo. Lakini safari hiyo haifanywi kwa siri, wala siku moja, wala kwa sababu mhubiri amesema tupa vidonge. Baadhi ya dawa zikikatwa mara moja huweza kuleta kifafa. Na mwenzako akianza kusema habari za kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Nne, pataneni wakati wa uzima kwa ajili ya wakati wa ugonjwa. Sisi tuliandika katika daftari la shule. Yeye aliandika dalili zake tatu: kukosa usingizi usiku mbili mfululizo, kutaka kuuza au kununua vitu vikubwa, na kukataa kula nyumbani. Akaandika kwamba nikiziona, nimwambie waziwazi, naye atakwenda kliniki pamoja nami hata kama anaona nimekosea. Mimi niliandika kwamba sitatia kitu kamwe katika chakula chake. Tukatia sahihi wote wawili. Tangu hapo daftari lile limetumika mara mbili. Mara ya pili alinikasirikia sana njiani, lakini alikwenda, kwa kuwa mkono ulioandika ulikuwa wake mwenyewe.

Katika Wagalatia 6 Paulo anasema tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu ana furushi lake. Zamani nilidhani maneno hayo yanapingana. Sasa naona ndiyo ndoa yenyewe. Kumeza kile kidonge ni furushi la mume wangu, nami siwezi kukimeza kwa niaba yake, wala kumlazimisha kwa hila. Lakini aibu, safari ya kliniki, nauli, usiku wa kukesha, na kusema kweli, hiyo ni mizigo ya wawili, na mingine ni ya parishi nzima. Mnapomwona mtu amebaki kitini wakati wa Ushirika, msiulize amefanya dhambi gani. Pengine mikono yake inatetemeka.

Nilipompa mume wangu maandishi haya alisoma hadi mwisho, akaomba niongeze jambo moja. "Andika kwamba sikuwa mpumbavu," alisema. "Andika kwamba nilikuwa na sababu." Nimeandika.

Ee Bwana, uliyemwita Luka tabibu awe Mwinjilisti, uwakumbuke wote walio wagonjwa wa akili katika parishi hii, na wale wanaolala kando yao. Utupe masikio ya kusikia kabla ya vinywa vya kuonya. Uwabariki wauguzi na waganga, na miti uliyoiotesha katika miteremko ya Meru. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.