Neno la Mama Katika Biashara ya Nyumba



Hapa Nyantende mama ndiye anayebeba ndizi na mihogo mpaka Bukavu. Ndiye anayejua bei ya soko la Kadutu, na nani halipi deni. Lakini faida ikifika nyumbani, mara nyingi baba anaamua peke yake. Je, ni haki?

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mapatano ya kazi. Sheria ya 2016 iliondoa ruhusa hiyo: sasa wawili wapatane. Wengi wetu (wazee wa kanisa nao) tungali katika ile ya zamani.

Wengine husema tumpe mama neno kwa sababu butiki itaendelea. Kweli itaendelea, maana macho ya mtu mmoja hukosa mengi. Lakini mwaka wa hasara, utamnyang'anya neno hilo? Akila na Prisila walishona mahema pamoja, na Matendo ya Mitume 18 haisemi nani alileta faida zaidi. Haki ya mama inatoka katika jasho lake, hata sanduku likiwa tupu.

Na mama anayeficha pesa ya likelemba kwa hofu ya kunyang'anywa, daftari la nyumba yake linasema uongo pande mbili.