Kipimo cha Mtoto

Wahenga walituusia tumkunje samaki angali mbichi. Usia huo ni wa mkunjaji, samaki hakuulizwa. Lau angeulizwa, huenda angetukumbusha kuwa mtoto huijua dhuluma kabla ya kulijua jina lake. Mgawie kipande cha muhogo, naye hatakipima kwa njaa yake. Atatazama cha mwenziwe.

Nayawaza haya nikiyakumbuka makazi ya Katumba na Mishamo, katika nchi ya Mpanda, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Katavi. Yalianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi walioyakimbia mauaji ya 1972. Tuseme kweli: Tanzania iliwapokea, ikawapa ardhi ya kulima. Lakini aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mzazi alikijua chanzo cha kibali hicho, kwani mpaka aliuvuka kwa miguu yake. Mtoto aliyezaliwa pale hakuvuka mpaka wowote. Aliona tu kuwa mwenziwe wa kijiji jirani huenda Mpanda mjini bila karatasi, naye hawezi. Sheria ilikuwa na sababu zake, yeye alikuwa na swali: "Mimi nimekosa nini?"

Mwaka 2014 zilianza kutolewa hati za uraia kwa watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, Tabora. Hati humpa mtu mzima haki ya leo na ya kesho. Utoto uliokwisha pita haimrudishii.

Wako wasemao kuwa aliyeonja dhuluma hatadhulumu. Mimi siliafiki hilo. Maumivu peke yake hayamfunzi mtu uadilifu. Aliyenyimwa aweza kujifunza huruma, na aweza pia kujifunza namna ya kunyima. Akumbukaye kosa alilotendewa, na hilo tu, hutafuta wa kumlipiza. Alikumbukaye swali lake la utotoni hulisikia tena kinywani mwa mtoto wa mwingine.

Basi mtoto asemapo "si haki," tusimnyamazishe kwa kumwambia kuwa dunia ndivyo ilivyo. Yamkini amekosea: pengine mwenziwe amezidishiwa kwa kuwa ni mgonjwa. Tumweleze. Na tukitafuta sababu ya kumweleza tusiione, tujue kuwa aliyekosea si yeye.