Anayenakili Hesabu Amwibia Nani?

Kila mwaka nyumba nyingi za nchi hizi humsindikiza kijana aendaye chuo kikuu kujifunza uhandisi wa mitambo. Mama hufunga mizigo, baba huhesabu fedha kwa mara ya mwisho, na majirani huja kuaga. Furaha hiyo ni ya haki. Kabla ya kitivo cha uhandisi kuanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kijana wa Tanzania aliyetaka shahada hiyo ilimlazimu kwenda Nairobi au kuvuka bahari. Leo milango ni mingi. Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi siku ya kuagana, nasi twaona yafaa lisemwe.

Tumfikirie mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mchana alikuwa maabara pamoja na wenzake. Walifunga fimbo ya chuma katika mashine, wakaivuta polepole mpaka ikakatika, na katika kila hatua wakaandika nguvu iliyotumika na kiasi ambacho fimbo ilirefuka. Sasa ni usiku wa manane, na taarifa ya jaribio yatakiwa asubuhi. Anapozichora alama zake kwenye karatasi, hazilali juu ya mstari kama zilivyo katika kitabu. Kando yake upo mchoro wa rafiki yake, safi na mzuri. Anaunakili, anabadili tarakimu mbili tatu ili asijulikane, kisha analala. Baada ya wiki moja apewa alama za juu. Je, amemdhulumu nani?

Wengi watajibu: hakumdhulumu mtu. Fimbo ile ilikwisha kukatika, wala hakuna daraja wala gari litakalotengenezwa kwa tarakimu zile. Tena, husema, mhandisi hafanyi kazi peke yake. Akitoka chuoni atakuwa chini ya wakubwa wa kazi, na Tanzania iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo haimpi mtu jina la mhandisi kamili siku ile ile ya kupokea shahada. Makosa ya mtoto wa shule yatasahihishwa na watu wazima.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa, lakini yasahau jambo ambalo mwanafunzi mwenyewe hufundishwa mapema. Mhandisi akitaka kamba ya winchi inyanyue mzigo wa tani 1, hachagui kamba iwezayo tani 1. Huchagua ile iwezayo tani 5 au zaidi. Kwa nini? Kwa sababu akili ya mwanadamu ina mpaka. Hajui kama chuma kile kina dosari ndani yake, kama kitapata kutu, au kama siku moja mtu mwenye haraka atapakia kupita kiasi. Nguvu ile ya ziada ni akiba, nayo imewekwa kwa ajili ya mambo ambayo mtu mwaminifu hawezi kuyajua.

Basi aliyenakili huila akiba hiyo. Huitumia kufunika jambo ambalo angeweza kulijua kama angekubali kukesha kidogo au kumwuliza mwalimu bila aibu. Na mwenye akiba si yeye. Mwenyewe ni mchukuzi asimamaye chini ya winchi, ni muuguzi apitaye kando ya boila ya hospitali, ni mtoto apandaye lifti bila kujua hata neno moja la hesabu. Hao ndio walioibiwa, ingawa hawakuwapo usiku ule.

Wala tusidhani kwamba namba zinazokataa kufuata kitabu ni uchafu wa kufutwa. Mwaka 1954 ndege mbili za Kiingereza za aina ya Comet zilipasuka angani karibu na Italia, ya kwanza mwezi Januari na ya pili mwezi Aprili, watu 56 wakafa. Waliozitengeneza hawakuwa wavivu wala walaghai, na mahesabu yao yaliwaonyesha kwamba mwili wa ndege ungedumu miaka mingi. Wachunguzi wa Farnborough wakatia ndege nzima ya aina hiyo katika tangi kubwa la maji, wakaijaza maji ndani na kuikaza na kuilegeza tena na tena, kana kwamba yapanda na kushuka angani. Ilipofikia kiasi cha safari 3,000 hivi, ukuta wake ulipasuka, na ufa ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya dirisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi na mtu aliyejizoeza kutouona. Kama wachunguzi wale wangekuwa na mazoea ya kurekebisha vipimo vifanane na vilivyotazamiwa, wasafiri wengine wangalikufa.

Hapa ndipo lilipo jibu letu. Ni kweli kwamba tarakimu za maabara hazijengi kitu chochote. Zinamjenga mtu. Miaka minne ya chuo ni karakana ambamo kijana hukerezwa mwenyewe, na umbo alilolipata ndilo atakaloingia nalo kazini. Aliyezoea kuandika alichokiona ataandika alichokiona hata siku ambayo mkubwa wake hapendi kukisikia.

Hatusemi hayo ili kuwatwika vijana mzigo wote. Kusoma pamoja ni jambo jema, na anayemweleza mwenzake hesabu mpaka akaielewa amempa mali isiyopungua. Twajua pia kwamba masomo haya ni mazito, na kwamba kurudia mwaka ni gharama kubwa kwa nyumba iliyouza ng'ombe au kukopa ili kijana asome. Mara nyingi hofu hiyo ndiyo inayoushika mkono wake usiku wa manane. Nasi wazazi tumeilisha hofu hiyo. Kijana arudipo likizo twamwuliza, "Umepata ngapi?" Ni mara chache tumwulizapo, "Ulikosa wapi, na sasa umeelewa?" Walimu nao, wanapoupa mchoro safi alama nyingi kuliko mchoro wa kweli, humfundisha somo lisiloandikwa katika ratiba.

Basi mzazi mwenye mtoto chuoni na amwambie waziwazi, kabla ya mtihani wala si baada yake, kwamba nyumbani atapokelewa akirudi na alama ndogo zilizo zake. Maneno hayo yana gharama, na pengine itabidi kulipa ada ya mwaka mwingine. Lakini gharama hiyo twaijua, twaweza kuihesabu, na tutailipa sisi wenyewe. Ile nyingine hulipwa na mtu tusiyemjua, siku tusiyoijua, akiwa amesimama chini ya mzigo.