Mzani na Cheo Chake

Katika depo za madini za Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuna mnunuzi anayelipa kwa kilo pekee. Mchimbaji hushusha gunia juu ya mzani, uzito husomwa, na bei bado haijulikani. Mnunuzi huchota sampuli, akailenga kwa kifaa chenye umbo la bastola kinachoitwa Metorex, akasoma asilimia ya kobalti au shaba: hiyo ndiyo "teneur". Kisha hukata unyevu, kwa sababu maji nayo yana kilo. Mchimbaji hunung'unika kwamba kifaa kimechezewa, lakini hata yeye hadai kwamba gunia zito ndilo gunia zuri.

Mji huohuo, ukigeukia mwili, husahau hekima yake. Aliyenenepa husifiwa kwamba maisha yamemkubali. Aliyekonda huanza kunong'onwa: ana maradhi, au mfuko umetoboka. Jirani yake anayefuata mitindo ya kisasa hupanda mzani kila asubuhi akiomba namba ishuke. Mmoja anataka kilo zipande, mwingine zishuke, lakini wote wawili wameukabidhi mzani kazi ya hakimu.

Kazi hiyo haikuwa yake tangu mwanzo. Mwaka 1832 Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, alionyesha kwamba uzito wa watu wazima huelekea kufuata kipeo cha pili cha urefu wao. Alikuwa akimsaka "mtu wa wastani" katika umati, hakuwa na mgonjwa mbele yake. Mwaka 1943 Georges Canguilhem, Mfaransa aliyesomea falsafa na udaktari, aliikosoa katika tasnifu yake fikra ya kuufanya wastani kuwa kipimo cha uzima: kuwa karibu na wastani si kuwa mzima. Kwake, mzima ni yule mwenye akiba ya kuhimili mabadiliko, anayeweza kuugua na akainuka tena. Akiba hiyo haipimwi kwa kilo.

Mtu atauliza: je, si mzani unaookoa watoto kliniki? Ni kweli. Mstari unaoshuka kwenye kadi ya mtoto ni onyo la mapema, na anayelipuuza hucheza na uhai. Lakini mtazame mtoto mwenye kwashakoo. Mwili wake umejaa maji, na mzani humwongezea kilo ambazo si nyama wala nguvu. Muuguzi anayejua kazi yake hubonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, akangoja kidogo, akaachia. Kishimo kikibaki, mtoto yuko hatarini, hata kama uzito wake unaridhisha. Hapo kidole kimeona kilichofichwa na namba.

Kuna mengine ambayo hata kidole hakiyaoni. Katika mtaa wa Kasulo, hapohapo Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti hadi ndani ya viwanja vya nyumba zao, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha mwaka 2018 matokeo ya vipimo vya damu na mkojo. Wakazi walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mtaa wa kulinganishia, na watoto ndio waliozidi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupanda mzani akapata kilo barabara kwa umri wake.

Basi kuuacha mzani si kuutupa. Ni kuurudisha kwenye cheo cha shahidi mmoja kati ya wengi: pumzi, usingizi, shinikizo la damu, hamu ya kula, nguvu za kufanya kazi ya kesho. Tena ni kuacha uongo mkubwa zaidi unaokaa nyuma ya namba, kwamba afya ni siri kati ya mtu na sahani yake. Kilo mtu huweza kuzipunguza peke yake. Vumbi la malori na maji machafu ya mto huhitaji madai ya mtaa mzima, na sheria inayotekelezwa.